Oili na Tundu: Historia ya Shokapu za Mbele

Pikipiki ya kwanza ya petroli haikuwa na shokapu kabisa. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliiunda Ujerumani mwaka 1885. Fremu ilikuwa ya mbao, magurudumu ya mbao yaliyovikwa ukanda wa chuma, na kila jiwe la barabarani lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno ya mwendeshaji. Naanza na hiyo sababu hapa Nakivale kuna pikipiki nyingi ambazo, ukizichunguza, zimerudi mwaka 1885 bila mwenyewe kujua. Shokapu za mbele zipo, kromu inang'aa, lakini ndani oili imeisha au imegeuka tope.

Kwanza jina. Sisi tuliotoka Kivu tunasema amotisere, ni Kifaransa kile. Watanzania wanasema shokapu. Katika kikundi chetu cha vijana wa gereji tumebishana sana juu ya hilo, na shokapu imeshinda kwa sababu ni fupi.

Watu wa zamani walipochoka kupigwa na mawe, wazo la kwanza lilikuwa springi. Ni wazo zuri, lakini nusu. Springi haimezi pigo, inalikopa tu. Ukiingia kwenye shimo inabonyea, halafu inakurudishia deni lote, na gurudumu linaruka juu. Gurudumu likiwa hewani halifungi breki wala halikati kona. Mwingereza Alfred Angas Scott, mwaka 1908, tayari alikuwa anauza pikipiki zenye bomba linaloteleza ndani ya bomba, umbo lile lile tunaloliona leo. Wengine wengi walitumia fremu ya vyuma vinne yenye springi katikati, na kuituliza springi waliweka sahani za kusuguana zilizobanwa kwa kitasa. Mwendeshaji alikaza au kulegeza kitasa kwa mkono. Shida ni kwamba msuguano unashika sana kitu kikiwa kimesimama, halafu kikianza kwenda kwa kasi hauongezeki. Yaani unakataa pale unapotaka ulegee, na unapohitaji nguvu zaidi haunazo.

Mwaka 1935 BMW walitoa pikipiki ya R12, ya kwanza kuuzwa kwa watu ikiwa na shokapu za bomba zilizotulizwa kwa oili. Ndani ya bomba kuna oili, na oili inalazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Ukibonyeza polepole, oili inapita bila ugomvi. Ukibonyeza kwa kasi, inakataa. Kazi ya pigo inageuka kuwa joto na kuishia kwenye oili, hairudi mikononi mwako. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa vijana wanaopenda video za mashindano hawakubaliani nami.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Jeshi la Uingereza lilipata shokapu za namna hiyo kwenye Matchless G3/L mwaka 1941, katikati ya vita. Italia, Ceriani alizitengeneza vizuri kwa mashindano ya kwenye matope, na Yamaha walipotoa DT-1 mwaka 1968 waliifungia shokapu za mtindo wake. Ndugu zetu wa mashirika, ile DT125 mnayoijua, ya kwendea vijijini, ni mjukuu wa hiyo. Miaka ya 1970 mashindano yakaleta wazimu wa urefu: shokapu zilizokuwa zinabonyea kama sentimita 18 zikafika karibu sentimita 30 kabla muongo haujaisha. Miaka ya 1980 ikaleta katriji, ambayo badala ya tundu tupu ina vibati vyembamba vya duara vinavyopinda oili inapovisukuma. Tundu tupu lina tabia mbaya: kasi ya oili ikiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Kwa hiyo kwenye breki ya kawaida pikipiki inainama kama mbuzi anayekunywa maji, na kwenye jiwe kali inakuwa ngumu kama nyundo. Vibati vinapunguza tabia hiyo.

Lakini pikipiki zetu, Bajaj Boxer na TVS, hazina vibati. Zina fimbo yenye matundu. Wazo la ndani ni lile lile la R12. Wengine wakisikia hivyo wanaona aibu, eti tunaendesha vitu vya zamani. Mimi naona ni bahati: kitu kinachofanya kazi kwa oili, springi na tundu kinaweza kufunguliwa chini ya mwembe na kijana aliyeishia sekondari.

Tatizo letu ni jingine. Karibu historia yote hiyo iliandikwa na mtu mmoja juu ya pikipiki moja. Bingwa wa mashindano anapimwa uzito wake na springi inachaguliwa kwa ajili yake. Hapa dereva anabeba mama, mtoto mgongoni, gunia la mahindi nyuma, na kesho asubuhi anarudi mtupu. Shokapu inagonga chini kwenye kila shimo. Basi fundi anafanya kile alichofundishwa na fundi mwenzake: anamwaga oili nyembamba, anajaza oili nzito ya injini. Kweli kugonga kunapungua. Dereva anafurahi, analipa.

Halafu anaingia kwenye marram yenye mikunjo kama bati. Oili nzito haiachii springi kurudi haraka. Inabonyea kwa mkunjo wa kwanza, kabla haijarudi mkunjo wa pili umefika, wa tatu umefika, na kila mara inazama zaidi. Baada ya mita chache shokapu imekaa chini kabisa na haina tena nafasi. Huyo dereva yuko mwaka 1885. Mikono inakufa ganzi, gurudumu linarukaruka, na ukikata kona mbele inateleza. Mjamzito anayepelekwa usiku kutoka Juru mpaka kituo cha afya anaijua hiyo barabara kuliko mhandisi yeyote.

Kugonga chini ni kwanza shida ya springi, kwa sababu uzito unabebwa na springi. Oili kazi yake ni mwendo. Kwa hiyo katika kikundi tunaanza na futi ya kupimia. Inua gurudumu la mbele, pima kromu inayoonekana kutoka kwenye sili mpaka pale inaposhikwa chini ya usukani. Shusha, mpandishe dereva na mzigo wake wa kila siku, pima tena. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya urefu wote wa kubonyea: kama shokapu inabonyea milimita 120, basi 30 hadi 40. Ikizidi, weka kipande cha bomba juu ya springi. Kipande hicho kinainua pikipiki tu, hakifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kama springi yenyewe imechoka, badilisha.

Halafu funga uzi kwenye kromu, ubane usiteleze wenyewe, uushushe mpaka kwenye sili. Nenda mpaka sokoni na urudi. Shokapu ikibonyea sili itausukuma uzi juu, na mahali ulipobaki panakuambia imefika wapi. Ikiwa imefika mwisho kabisa kila safari, na futi ilisema springi ni nzuri, ongeza oili kidogo, ile ile nyembamba. Hewa iliyobaki juu inakuwa ndogo, inabanwa, inasaidia sehemu ya mwisho. Usizidishe, sili zitapasuka. Mwisho kabisa ndiyo unagusa unene wa oili: shika breki ya mbele, bonyeza usukani kwa nguvu, uachie. Irudi mara moja na itulie. Ikidunda, oili ni nyembamba au imekufa. Ikirudi kama mgonjwa anayeamka, ni nzito.

Miguu yote miwili ipate oili sawasawa. Hatuna vyombo vya maabara, tunatumia chupa ya mtoto ya kunyonyea, ile yenye alama za mililita. Mama mmoja wa jirani alituuliza tunalea mtoto gani kwenye gereji.

Mzee mmoja fundi bado anatetea oili nzito, na hatujamshinda kwa maneno. Jumamosi alikubali tumfungie uzi kwenye pikipiki yake mwenyewe, ikaenda Rubondo na mzigo, ikarudi. Aliangalia uzi ulipokuwa, akauliza oili nyembamba inauzwa wapi Mbarara.