Kutoka Bahasha hadi Kivinjari

Tukisikia kijana wa Troyeville, mashariki mwa kitovu cha Johannesburg, anasomea utengenezaji wa tovuti katika chuo ambacho hajawahi kukikanyaga, tusidhani jambo hilo limezaliwa na intaneti. Mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, kilianza kufundisha kwa posta. Nelson Mandela alisoma huko akiwa mfungwa, akapata shahada ya sheria mwaka 1989. Mwanafunzi wa zama hizo alituma zoezi kwa bahasha, kisha akasubiri sahihisho.

Mwaka 1991 wavuti wa Tim Berners-Lee ulifunguliwa kwa umma, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Rhodes kikaiunganisha Afrika Kusini na intaneti. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba wavuti ni wa wote, bila malipo. Ndiyo maana anayeanza leo hahitaji kununua leseni. Akisahau kufunga lebo ya herufi nzito, maneno yote yanayofuata hukolezwa. Kosa hujionyesha papo hapo.

Lebo za HTML zimetokana na Kiingereza, lakini zinabeba lugha yoyote. Ukiandika lang="sw" mwanzoni, umeijulisha kompyuta kwamba ukurasa ni wa Kiswahili. Wahamiaji wa Troyeville, wakiwamo Wakongomani waliokuja na Kiswahili chao, wanaweza kuandika kwa lugha hiyo. Nasi wanachama tujifunze. Kurasa za Kiswahili zitaandikwa na nani tusipoziandika wenyewe?