Kutoka Stensili hadi LibreOffice: Mashine na Maandishi ya Kiswahili cha Kamalondo

Kamalondo, komini (yaani kitengo cha utawala wa jiji) ambayo enzi za Wabelgiji iliitwa Albert, ni miongoni mwa makazi ya zamani ya Waafrika katika Elisabethville, jiji lililopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, na maandishi ya Kiswahili yaliyotoka katika komini za jiji hilo yanabeba alama za mashine zilizoyaandika.

Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika komini za Elisabethville kilitoa kijitabu kiitwacho Vocabulaire ya Ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav, ambamo historia ya jiji inasimuliwa na watu waliowapikia na kuwafulia Wazungu. Kilipigwa taipu, kisha kikatolewa nakala kwa stensili, yaani karatasi laini yenye nta ambayo herufi za chuma huitoboa ili wino upenye hadi kwenye karatasi ya kawaida. Taipureta haikujua tahajia: maneno yaliunganishwa hapa na kukatwa pale, hata Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekichapisha upya mwaka 1990, alihitaji msemaji wa lugha hiyo, Kalundi Mango, akisome kwa sauti ndipo maana ikajitokeza.

Kompyuta ilipoingia, kila kazi ya taipureta ilitafutiwa mrithi: nakala ya kaboni ikawa faili, stensili ikawa printa. Utafutaji huo hurudi kila mtu anapohama kutoka Windows kwenda Linux, mfumo huria ulioanzishwa mwaka 1991, kwa kuwa programu ya Word haikutengenezwa kwa mfumo huo na nafasi yake hushikwa na Writer, sehemu ya LibreOffice, programu huria ya ofisi iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010. Tatizo la kwanza huonekana kwenye barua iliyoandikwa kwa herufi za Calibri, ambazo ni mali ya Microsoft: zikikosekana, mfumo huweka herufi nyingine zenye upana tofauti, mistari ikasogea, na sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa wa kwanza ikajikuta peke yake kwenye wa pili. Dawa yake ni Carlito, herufi huria zilizochongwa kwa upana uleule wa Calibri, ambazo huirudisha barua katika umbo lake.

Kiswahili chenyewe hakijapata dawa nyepesi kama hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, lakini kamusi hiyo imewekewa alama ya Tanzania na inafuata Kiswahili sanifu. Mwandishi wa Lubumbashi anayeandika "bantu" pale Dar es Salaam inapoandika "watu" hupigiwa mstari mwekundu chini ya neno ambalo halina kosa, ilhali taipureta ya mwaka 1965, pamoja na upofu wake wote, haikumsahihisha André Yav hata mara moja.

Kamusi ya tahajia katika programu huria ni faili la maandishi ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kuliongezea maneno, na walimu na wapiga chapa wa Kamalondo, wanaokijua Kiswahili cha Lubumbashi kuliko mtu mwingine yeyote, wanaombwa waanze kuyakusanya.