Jua na vumbi: Jinsi ya kulinda rangi ya gari, jahazi na ndege

MAGARI yanayoingia mjini Isiolo kutoka Merti, Garba Tula na sehemu nyingine za ndani hutambulika hata kabla ya namba zake kusomwa. Boneti imefifia, kingo za milango zimedonolewa na changarawe, na juu ya paa rangi imegeuka unga unaobaki kidoleni mtu anapoupapasa. Wenye magari wengi huichukulia hali hiyo kuwa dosari ya sura tu. Hata hivyo, rangi ni ngozi ya chombo. Ikishachubuka, kinacholiwa baada yake ni chuma.

Isiolo iko kaskazini kidogo ya ikweta, kiasi cha kilomita 285 kutoka Nairobi, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100. Anga huwa wazi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30. Barabara kuu ya kwenda Moyale, yenye urefu wa takribani kilomita 500, ilikamilika kuwekwa lami katika muongo wa 2010, lakini njia nyingi za ndani ya kaunti bado ni za vumbi na mawe.

Aidha, sehemu kubwa ya magari nchini Kenya huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na kanuni huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo gari linaposhushwa katika bandari ya Mombasa, rangi yake tayari imekula miaka kadhaa ya jua na mvua. Kwa mfanyabiashara wa mifugo au mwenye matatu, gari hilo ndilo mtaji wa familia.

Tabaka nne nyembamba

Rangi ya gari la kisasa si kitu kimoja. Chuma hutiwa kwanza dawa ya fosfeti, kisha tabaka la kuzuia kutu ambalo kiwandani hupakwa kwa nguvu za umeme. Juu yake huja praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho kabisa tabaka angavu linalotoa mng'aro, ambalo mafundi huliita klia.

Tabaka hizo zote kwa pamoja aghalabu huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni maikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu una takribani maikroni 70. Hiyo ndiyo sababu mtu hawezi kulipiga gari polishi kali kila mwezi akatarajia kubaki na kitu. Kila polishi yenye chembe za kusugua huondoa sehemu ndogo ya klia, na klia ikiisha, rangi iliyo chini yake haidumu.

Jua linavyofanya kazi

Adui wa kwanza ni miale ya urujuanimno. Miale hiyo hukata minyororo ya molekuli inayoshikilia rangi pamoja. Watengenezaji huchanganya ndani ya klia kemikali za kuifyonza, lakini kemikali hizo hupungua kadiri miaka inavyopita. Hapo ndipo mng'aro unapokufa, klia inapoanza kubambuka kama ganda la kitunguu, na rangi za zamani zisizo na klia zinapotoa unga.

Sehemu zinazoumia kwanza ni zile zinazolitazama jua moja kwa moja, yaani paa, boneti na kifuniko cha buti. Rangi nyeusi na nyinginezo nzito hufyonza joto zaidi kuliko nyeupe, na joto huharakisha uharibifu wote.

Kivuli, basi, ndicho kinga ya kwanza na iliyo rahisi kuliko zote. Kibanda cha mabati au wavu wa kivuli huliokoa gari kwa saa nyingi za mchana. Mti nao husaidia, ila una gharama yake. Utomvu wa migunga huganda juu ya rangi, na ndege hutua matawini.

Kinyesi cha ndege kina asidi. Katika joto, rangi hulainika na kutanuka. Inapopoa hujikunja kuzunguka kinyesi hicho na kuacha alama isiyofutika kwa maji. Dawa yake ni kukiondoa siku hiyo hiyo, kwa kitambaa kilicholoweshwa na kuachwa juu ya doa kwa dakika chache kabla ya kupangusa.

Vumbi na mkono wa mwenye gari

Adui wa pili ni vumbi, na mara nyingi mwenye gari ndiye anayelisaidia. Mchanga una chembe za silika ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Dereva anayechukua kitambaa kikavu na kulifuta gari lililojaa vumbi anafanya kazi ya msasa. Mikwaruzo midogo ya mviringo inayoonekana kwenye boneti wakati wa jua la asubuhi hutokana na mazoea hayo.

Baadhi ya madereva hupangusa magari kwa dizeli au mafuta ya taa ili yang'ae. Mng'aro huo ni wa muda mfupi. Mafuta hunasa vumbi jipya na kudhuru mipira ya milango na madirisha. Sabuni ya unga ya kufulia nguo nayo ni kali na huondoa nta yoyote iliyopakwa.

Lori la mifugo lina balaa lake la pekee. Mkojo wa ng'ombe, mbuzi na ngamia una chumvi na amonia, na hupenya kwenye viungo vya sakafu na fremu. Lori likirudi kutoka soko la Nairobi na kulazwa bila kuoshwa, kutu huanzia chini, mahali ambapo mwenyewe hatazami.

Kuosha kwa maji machache

Maji ni haba Isiolo, na si haki kuyamwaga ovyo. Kwa bahati njema, gari dogo linaweza kuoshwa vizuri kwa ndoo chache. Hatua ni hizi:

Kwanza, gari liegeshwe kivulini na liachwe lipoe. Maji yakikauka juu ya bati la moto huacha madoa, hasa maji ya visima yenye chumvichumvi.

Pili, vumbi lilegezwe kwa kumwagia maji kutoka juu kwenda chini kabla ya kitambaa chochote kugusa rangi.

Tatu, zitumike ndoo mbili, moja ya sabuni laini na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ubaki katika ndoo ya pili.

Nne, magurudumu na sehemu za chini zioshwe mwisho kwa kitambaa kingine, kisha gari likaushwe kwa kitambaa laini.

Jambo moja halina mjadala: gari lisioshwe mtoni. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kuchafua vyanzo vya maji. Mafuta yanayomwagika katika mto Isiolo au Ewaso Ng'iro hunywewa na watu, mifugo na wanyamapori walio chini ya mkondo.

Nta, na ufa unaozibwa mapema

Baada ya kuosha, rangi huhitaji kifuniko. Nta ya kanauba, itokanayo na mchikichi wa Brazili, hudumu kwa wiki kadhaa tu katika jua kali. Nta za viwandani hudumu miezi. Vipako vya kauri, vinavyotengenezwa kwa silika, huweza kudumu miaka, lakini bei yake ni kubwa na sharti vipakwe juu ya rangi iliyosafishwa barabara. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia jiwe. Kwa mawe, kinga ni vizuia matope vya mpira nyuma ya magurudumu, mwendo wa wastani, na kuacha nafasi ya kutosha nyuma ya gari lililotangulia.

Jiwe likishapiga na chuma kuonekana, msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta hupata maana yake kamili. Ukavu wa Isiolo huwadanganya wengi, kwani kidonda cha rangi hukaa miezi bila kutoa kutu kubwa. Mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba zinapoanza, unyevu huingia na kutambaa chini ya rangi nzima. Kidonda kisafishwe, kipigwe msasa laini hadi kutu iishe, kipakwe praima, kisha rangi na klia. Namba ya rangi ya gari huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa na mtengenezaji.

Gari likihitaji kupakwa upya lote, wengi huenda kwa mafundi wa jua kali. Kazi yao inaweza kuwa nzuri, lakini spreyi ikipigwa uwanjani vumbi hutua kwenye rangi mbichi, na upepo wa alasiri huzidisha hasara. Asubuhi na mapema, ndani ya chumba kilicholoweshwa sakafu, matokeo huwa bora.

Fundi naye ajilinde. Rangi zinazochanganywa na kigumishi huwa na kemikali za isosianeti zinazoweza kusababisha pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Mwenye gari anayebadilisha rangi akumbuke kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ili kumbukumbu za gari zirekebishwe.

Funzo kutoka Lamu

Isiolo haina bahari, lakini imo katika mpango wa ushoroba wa LAPSSET unaokusudiwa kuiunganisha na Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Mafundi wa Lamu walijua kazi ya kulinda ngozi ya chombo karne nyingi kabla ya kuja kwa rangi za viwandani.

Jahazi hupandishwa ufukweni wakati wa maji ya bamvua na kuegemezwa kwa magadi. Viungo vya mbao hutiwa kalafati ya pamba. Sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kuzuia minyoo inayotoboa mbao na viumbe wenye magamba. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, zisikauke na kupasuka juani. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi michache, na hurudiwa kabla chombo hakijaanza kuvuja.

Rangi za kisasa za chini ya maji hufanya kazi hiyo kwa sumu, hasa ya shaba. Zile zilizokuwa na bati la kikaboni zilionekana kuwadhuru konokono na chaza, na mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulianza kutekelezwa Septemba 17, 2008. Kwa boti za fiberiglasi, adui mkubwa ni lile lile jua la Isiolo; uso wake hutoa unga usiposuuzwa kwa maji baridi na kupakwa nta.

Ndege: Hapa ni uhai

Kwa ndege, rangi si suala la mtaji pekee. Uwanja wa ndege wa Isiolo, uliozinduliwa mwaka 2017, pamoja na viwanja vidogo vya mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, hutumiwa na ndege ndogo ambazo nyingi zina mwili wa alumini. Mchanga hula rangi ya kingo za mbele za mabawa na ncha za rafadha. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini hutoboka kwa vishimo vyeupe ambavyo hudhoofisha bati kimyakimya.

Hata ndege kubwa na mpya hazijasalimika. Mwaka 2021, shirika la Qatar Airways lilisimamisha baadhi ya ndege zake aina ya Airbus A350 baada ya rangi kupasuka na wavu wa shaba wa kukinga radi kuonekana chini yake. Airbus ilishikilia kwamba usalama haukuathirika. Kesi ilifika mahakama ya London, na pande hizo zikapatana Februari 2023.

Uoshaji wenyewe una hatari. Mnamo Oktoba 2, 1996, ndege ya Aeroperú aina ya Boeing 757 ilianguka katika bahari ya Pasifiki na watu wote 70 waliokuwamo wakafa. Ilikuwa imesafishwa, na utepe uliofunika vitundu vya kupima mgandamizo wa hewa haukuondolewa. Marubani walipaa usiku wakiwa na vipimo vya uongo vya kimo na mwendo.

Kwa hiyo kila kizibo kinachowekwa wakati wa kuosha kiwe na utepe mwekundu unaoonekana kwa mbali, na kihesabiwe kinapoondolewa. Kifuniko cha turubai kisivishwe juu ya ndege yenye vumbi, kwani upepo hukigeuza msasa. Madirisha ya akriliki yasifutwe yakiwa makavu. Hata kupaka rangi upya usukani wa mkia au wa mabawa ni kazi ya mhandisi mwenye leseni, kwa sababu uzito wa rangi huvuruga mizani yake, na usukani usio na mizani unaweza kutikisika angani hadi ukakatika.

Ratiba ya mwaka

Kwa mkazi wa Isiolo, ratiba si ngumu. Kila jioni, kinyesi na utomvu viondolewe. Kila wiki, au kila baada ya safari ya mifugo, vumbi na chumvi vioshwe, sehemu za chini zikiwamo. Kila baada ya miezi mitatu, nta ipakwe. Na mwishoni mwa Februari na Septemba, kabla ya mvua, mwenye gari alizunguke polepole mchana kweupe, apapase paa, ainame atazame fremu, na azibe kila kidonda anachokiona. Mawingu yakishakusanyika, muda wa kufanya hivyo huwa umekwisha.