Ziwa lililonuka na wanafunzi waliolipima

Nimekuwa kimya kwa sababu ya safari ya Mwanza na pia, niseme ukweli, kwa aibu kidogo. Nilikwenda kuandika habari ya maji ya kijani ghubani. Nikaongea na wavuvi, nikarudi na maneno mia sita. Mhariri wangu akasoma, akauliza swali moja tu: "Zamani yalikuwaje?" Nikamjibu kwamba wazee wanasema yalikuwa maangavu. Akasema, "Wazee husema hivyo kila mahali," akaiweka pembeni. Mpaka leo haijatoka.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kusoma, ndipo nikakutana na kisa cha Ziwa Washington, kule Seattle, Marekani. Ziwa hilo liliokolewa na swali lile lile la mhariri wangu.

Tuanze na mji wenyewe. Seattle umebanwa kati ya mkono wa bahari uitwao Puget Sound, upande wa magharibi, na ziwa upande wa mashariki. Zamani mji ulimwaga majitaka mabichi ziwani, na kufikia mwaka 1936 ukaacha. Watu wakadhani yamekwisha. Mwaka 1940 likafunguliwa daraja linaloelea juu ya ziwa, na ng'ambo iliyokuwa mashamba na misitu ikaanza kugeuka vitongoji (mwenye kuijua Kigamboni kabla na baada ya daraja la mwaka 2016 ananielewa). Kila kitongoji kikajenga mtambo wake wa kusafisha majitaka, kikaelekeza bomba ziwani. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 mitambo ya namna hiyo ilikuwa 10.

Sasa sikilizeni. Mitambo ile haikuwa mibovu. Bakteria walikula uchafu, maji yakatoka bila harufu, afisa wa afya akaridhika. Lakini fosforasi iliyomo kwenye kinyesi, mkojo na sabuni ilipita humo humo ikaenda ziwani. Na mwani unaitaka fosforasi kama mahindi yanavyotaka mbolea. Kwa maneno mengine, vitongoji vilikuwa na shamba kubwa la mwani na vilikuwa vinalimwagilia kila siku, kwa maji yaliyopimwa na kupasishwa.

Mwaka 1955, mtafiti George Anderson, aliyefanya utafiti wake wa uzamivu juu ya ziwa hilo, aliona kwenye sampuli mwani ambao hakuwahi kuukuta humo. Jina lake ni Oscillatoria rubescens. Mwani huo una wekundu fulani, na wavuvi wa Uswisi waliuita damu ya Waburgundi, wakikumbuka vita vya Murten vya mwaka 1476. Ulikuwa na historia mbaya: huko Ulaya, ziwa la Zürich lilipoanza kuharibika kwa majitaka, ndio uliotokea.

Mwalimu wake, W. T. Edmondson wa Chuo Kikuu cha Washington, aliijua hadithi ya Zürich. Na kitu cha maana zaidi, alikuwa na namba. Ziwa lilikuwa limepimwa mwaka 1933, na likapimwa tena mwaka 1950 na Anderson mwenyewe pamoja na mwanafunzi mwenzake Gabriel Comita, kwa ajili ya tasnifu zao. Hivi ni vipimo vya kuchosha. Unakwenda na mashua, unateremsha sahani nyeupe majini, unaandika inapotelea mita ngapi. Unachota maji, unarudi maabara. Wiki ijayo unarudia. Hakuna gazeti litakalokuandika. Lakini mwaka 1955 ulipofika, Edmondson hakuhitaji kuwauliza wazee.

Mwaka 1956 yeye na wenzake walichapisha makala yao, na mwaka huo huo akamwandikia James Ellis, wakili aliyeongoza kamati ya kutafuta suluhisho la matatizo ya miji ya eneo lile. Ellis hakuwa mwanasayansi, ila alijua kupiga kampeni. Kura ya kwanza ya kuunda mamlaka ya pamoja, Machi 1958, ilianguka: Seattle walikubali, vitongoji vikakataa. (Wenye mabomba ndio waliokataa. Dunia ni moja.) Mpango ukapunguzwa ubaki majitaka tu, kura ikarudiwa Septemba mwaka huo, ikapita.

Kazi ya mabomba ilikula zaidi ya dola milioni 100 na kuchukua kati ya mwaka 1963 na 1968. Wakati huo maji yalikuwa yamefikia pabaya, sahani inapotea kwenye mita moja hivi, na watu wakaliita Lake Stinko, yaani ziwa linalonuka. Majitaka yakahamishwa, mengine moja kwa moja Puget Sound na mengine kupitia mto unaoingia huko. Ziwa lenyewe hubadilisha maji yake kila baada ya miaka michache tu, kwa hiyo jibu lilikuja haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sahani ilionekana mpaka mita tatu hivi. Kuanzia mwaka 1976 wakaongezeka Daphnia, vidudu vidogo vinavyokula mwani, maji yakawa maangavu zaidi ya hapo.

Edmondson akaendelea kupima. Aligundua kwamba fosforasi ilishuka sana na mwani ukashuka nayo, wakati naitrojeni haikushuka kiasi hicho. Matokeo hayo yakamwingiza kwenye mabishano na watengeneza sabuni, ambao hawakutaka fosforasi itajwe. Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake wakaligawa ziwa dogo, Namba 226, kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, wa pili wakaongeza fosforasi. Upande wa pili ukawa kijani. Picha iliyopigwa kutoka angani ilimaliza ubishi mwingi.

Maziwa yale ya majaribio yalisimamiwa na taasisi ya maji baridi ya Winnipeg, Manitoba, na huko alikuwako Robert Hecky, ambaye baadaye alikuja kufanya kazi Ziwa Victoria. Ni Manitoba hiyo hiyo alikosomea Mganda Rose Mugidde shahada ya uzamili. Mugidde alipima mwani wa Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, akalinganisha na vipimo alivyochukua Mwingereza Jack Talling huko huko Uganda mwaka 1960 na 1961. Akakuta uzalishaji wa mwani umefika mara mbili hivi ya ule wa zamani, na wingi wake umepanda mara kadhaa.

Kwa hiyo namba zilikuwepo. Mimi ndiye niliyepanda basi bila kuzitafuta.

Ila msidhani tunaweza kuiga mabomba ya Seattle tukamaliza. Mtanzania Robinson Tamatamah, katika utafiti wake wa uzamivu, alipima fosforasi inayoingia Ziwa Victoria, na yeye na wenzake wakachapisha mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu inatoka hewani: vumbi la ardhi iliyoachwa wazi na moshi wa mapori yanayochomwa. Majitaka ya Mwanza na Kisumu yanaumiza ghuba, na huko bomba lingesaidia. Kwa ziwa la kilomita za mraba 68,800, moto unaowashwa shambani mbali na maji nao umo kwenye hesabu. Utaipigia kura wapi hiyo?

Nimemwandikia mhariri tena, safari hii Talling na Mugidde wako aya ya kwanza. Amejibu kwa neno moja: "Picha?"