Santuri za Siti na Amana ya Fundi

Mwaka 1928, Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kujaaliwa umaarufu, alipovuka bahari hadi Bombay akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, nyimbo za Kiswahili zilipata chombo cha kuzifikisha mahali ambapo mwenyewe hakupata kukanyaga. Na haukupita muda santuri zake zikawa zalia katika migahawa ya kahawa, mjini, Ng'ambo na hata mashamba, kwani gramafoni haikutaka umeme, ila mkono wa kuitia ufunguo, na sindano mpya ya chuma kwa kila upande wa santuri.

Siti alifariki mwaka 1950, na santuri alizotuachia ni dhaifu. Zimefanywa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Huvunjika upesi, na spiriti, ambayo asiyejua huidhani kuwa dawa ya uchafu, huziyeyusha. Gramafoni nayo ina hasimu wake, ndiyo hewa ya Mji Mkongwe, yenye chumvi na unyevu, ilayo chuma na kuachanisha mbao zilizogandishwa kwa gundi.

Kwa itikadi yangu, fundi mwema ni yule ajuaye mpaka baina ya kutengeneza na kughushi. Kamani aifungue kwa hadhari, aikoshe grisi iliyoganda, aipake mpya. Mpira unaoshika utando wa ulanga katika kichwa cha sauti, ambao aghalabu umekuwa mgumu kama mfupa, aubadili, kwani pasipo ulaini huo sauti hukwaruza. Na vile vizito vidogo vinavyozuia mwendo avisawazishe hata sahani izunguke mara 78 kwa dakika, maana ikizidi au ikipungua, anayeimba si Siti tena. Lakini mbao asizipige msasa, wala nembo iliyofifia asiibandue, wala pembe asiing'arishe mpaka rangi yake ya kale itoweke. Kila kilichoondolewa akihifadhi kwenye bahasha pamoja na chombo, ili fundi wa baadaye apate kujua kipi ni cha asili na kipi ni cha juzi. Hadhari hii ni wajibu mkubwa zaidi zama hizi ambapo gramafoni za kuungaungwa, zenye pembe mpya ya shaba juu ya sanduku lisilo lake, huuzwa ulimwenguni kwa jina la ukale.

Limebaki jambo moja zito. Kichwa cha sauti cha zamani ni kizito, na sindano yake huila santuri kila ichezwapo. Basi santuri ya Siti iliyo adimu naona ichezwe kwa mkono mwepesi wa mashine ya kisasa, yenye sindano pana ilingane na mifereji yake, ili sauti inakiliwe; na gramafoni iliyotengenezwa ipewe santuri zilizo nyingi, ichezeshwe mara kwa mara, kwani kamani isiyotiwa ufunguo miaka mingi huganda tena.