Warcraft III: Mwenye Nyumba Kabomoa, Wapangaji Wakajenga

Wadau wa gemu, kama wewe ni mtu wa Dota 2 au League of Legends, basi Warcraft III ni babu yako hata kama hujawahi kuigusa. Ilitoka Julai 2002, kazi ya Blizzard ya Marekani. Ni vita isiyo na kusubiri zamu. Unachimba dhahabu, unakata miti, unajenga kambi, na muda huohuo jamaa wa upande wa pili anafanya yake. Ukizubaa kidogo tu, umevamiwa. Mwaka 2003 ikafuata nyongeza yake, The Frozen Throne, na hapo ndipo ikanoga kinoma.

Stori yake ya wafalme na mizimu ilikuwa kali, sawa, lakini siyo iliyowaweka watu hapo miaka kumi na kitu. Watu walibaki kwa sababu ya kucheza na wenzao. Ukiingia Battle.net unabonyeza kitufe, mtambo unakutafutia mpinzani wa kiwango chako. Kulikuwa na lada, unapanda ukishinda, unashuka ukipigwa. Kulikuwa na klani za washkaji na mashindano yaliyojiendesha yenyewe. Na kulikuwa na kile kifaa cha kutengeneza ramani zako mwenyewe. Humo ndimo Dota ilimozaliwa, mikononi mwa vijana waliokuwa wanapokezana kazi bila kulipwa hata senti.

Sasa twende Novemba 2018. Kwenye BlizzCon, kampuni inatangaza Warcraft III: Reforged: picha mpya, sura mpya, zaidi ya saa nne za matukio yaliyotengenezwa upya. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Watu wakalipia mapema, dola 30 hivi, wakasubiri.

Januari 28, 2020 ikatoka. Lada hakuna. Klani hakuna. Yale mashindano hakuna. Hata kampeni zilizotengenezwa na wachezaji zilikuwa hazifunguki. Na yale matukio mapya waliyoonyeshwa ukumbini? Mengi hayakuwemo.

Hapo bado unaweza kusema, basi si usinunue tu. Ndiyo maana kilichofuata kiliuma zaidi. Aliyekuwa na gemu ya zamani, aliyoilipia miaka ya nyuma na hakutaka hiyo mpya kabisa, naye alipoingia Battle.net alilazimishwa kushusha apdeti ya ile mpya. Lada yake aliyoipanda miaka yote ikaondoka. Hakununua kitu, na bado akapokonywa alichokuwa nacho! Juu ya hapo, masharti yakaandikwa kwamba ramani yoyote utakayoitengeneza ni mali ya Blizzard. Ukikumbuka pesa ambazo Dota iliingizia kampuni nyingine, unaelewa hofu ilitoka wapi.

Wachezaji walipanda Metacritic na hasira zao, alama ikaporomoka chini ya 1 kwa 10. Blizzard wakaomba radhi na kurudisha pesa kwa aliyetaka. Mwaka 2021 Bloomberg waliandika yaliyotokea jikoni: bajeti ilibanwa, viongozi hawakuelewana kazi iwe kubwa kiasi gani, na wakubwa hawakuiona kama gemu ya kuwaletea hela nyingi. Mimi hapo ndipo naona kiini cha yote. Lada haiuzi. Huwezi kuiweka kwenye tangazo la dakika mbili watu wakapiga makofi, ila ikikosekana ndipo unajua ilikuwa inabeba nini.

Na sasa watu ninaowavulia kofia. Majina yao wengi hatuyajui, tunajua vijina vya mtandaoni tu. Wakati kampuni inasema lada inakuja, kuna mashabiki waliokaa wakaandika programu yao, wakaiita W3Champions. Inakutafutia mpinzani, inakupangia kiwango, inaendesha misimu, inaweka takwimu zako. Kazi ya kujitolea, baada ya shughuli zao za mchana. Wachezaji wakubwa wa Ulaya na Asia wakahamia huko, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mechi.

Blizzard walirudisha lada rasmi Agosti 2022, kwenye toleo la 1.33. Hiyo ni miaka miwili na nusu baada ya kuitoa. Ujauzito wa tembo wenyewe hauchukui muda huo! Ilipofika, wengi waliijaribu, wakaangalia huku na kule, kisha wakarudi W3Champions. Kule tayari walikuwa na historia yao, wapinzani wao wa kila wiki, na watu wa kuwaandikia kitu kikiharibika usiku.