Safu ya Lugha: Dola

Dola ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, dawla, ambalo mzizi wake una maana ya kuzunguka na kupokezana. Baadaye likataja ukoo unaotawala, kisha nchi yenye serikali yake.

Lakini dola hiyo hupata wapi mamlaka yake? Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan (1651), alisema watu humkabidhi mtawala mamlaka ili waepuke vita vya wote dhidi ya wote; wakishampa, hawawezi kumpokonya. Mwanafalsafa mwenzake, John Locke, mwaka 1689, alishika njia nyingine: uhai, uhuru na mali ni haki za asili, zimeitangulia serikali. Mtawala akizivunja, wananchi wanaweza kumwondoa.

Mimi nasimama na Locke. Dola ni dhamana, na aliyepewa dhamana sharti aulizwe.